Ejo Saa Kumi

Kwenye mpaka mdogo wa Gisenyi, kati ya Rwanda na Kongo, mwaka 1999, mtu hasomi, husukumwa. Lakini Wellars, mwalimu wa fizikia aliyerudi kutoka Tabora alikokulia, bila ndugu hata mmoja, alisimama kusoma jarida la Kifaransa alilonunua Goma, mpaka mwanamke wa kitenge cha manjano akamkanyaga.

"We, humo iko nini mpaka unaziba njia?"

"Wataalamu wamechungulia mawingu ya gesi ya mbali mno, wakakuta chembe za kaboni. Zilipikwa na nyota za kwanza kabisa."

"Na nyota yenyewe?"

"Zilikufa zamani. Hakuna aliyeziona. Tunazijua kwa kile zilichoacha."

Mwanamke huyo, Mukashyaka, mchuuzi wa vitenge kutoka Goma, akaweka furushi lake chini. "Bon. Kama watu ya kwetu," akasema.

Basi mapenzi hayapigi hodi. Kila Jumamosi Wellars alimbebea furushi, na Mukashyaka akamwita "chéri ya mawingu", yaani mpenzi wa mawingu. Siku moja akamwambia kwamba mjomba wake wa Goma amemtafutia mchumba.

"Nitakupigia simu pale masomo, kwa shule yako, nikuambie pa kukutana. Ukuje uniambie neno moja tu, nimukatale huyo mutu."

Alhamisi Wellars akakuta mezani karatasi ya Sebahire, karani wa shule aliyepokea simu: "Mukashyaka. Ejo saa kumi, chemchemi ya maji ya moto, Nyamyumba."

Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza kwa marehemu mama yake, na mama, masikini, alizungumzia yaliyopita tu. Kwa Wellars, ejo ilikuwa jana. Akaona amekwisha kumkosa. Mtu mwenye akili zake angepiga simu. Yeye aliona haya, akajifungia na upweke wake, hata Jumamosi hakwenda mpakani, akingoja kuitwa tena.

Jumatatu Sebahire akamuuliza, "Ijumaa mlionana?"

"Ijumaa? Si uliandika 'ejo', yaani jana?"

"Mwalimu, jana ni ejo. Na kesho pia ni ejo."

Papo hapo akapiga simu Goma.

"Nilikungoja mpaka mvua ikanikuta," Mukashyaka akasema. "Nikajua haunitaki. Jana mjomba na watu ya huyo mutu walikunywa pombe ya posa."

"Nilidhani ejo ni jana tu, mpenzi. Nikaona haya kukuuliza. Niliogopa utanicheka."

Wellars akamsikia akivuta makamasi.

"Ningekucheka, kweli," Mukashyaka akasema. "Halafu ningekuwa muke yako."