Sisimizi wa Kwenye Skuta

Katika msongamano wa soko la mboga la Jamalpur, Hetal alinyoosha mkono kuchagua bamia, akagusa mkono anaoujua. Akainua macho. Alikuwa Pranay, mumewe, ambaye hakuwa amemwona tangu yeye Hetal alipokasirika na kurudi kwa mama yake.

Hetal alikuwa ametoka zamu hospitalini, sari yake ya samawati imekunjamana, miguu ikiwaka moto. Hata hasira ilikuwa imemchosha.

"Umekonda," Hetal akasema.

"Nani wa kunipikia?"

"Mikono unayo. Si ndiyo iliyohamisha sisimizi?"

Muuza bamia akaguna. Pranay akainamisha kichwa.

Jioni ile waliyogombana, Hetal alimsubiri Pranay kwenye geti la hospitali amletee chakula, kwani wao Wajaini, ambao dini yao inawakataza kuua hata mdudu, jua likizama hawali tena. Kumbe sisimizi walikuwa wametaga chini ya kiti cha skuta ya Pranay. Pranay akachukua ufagio laini, akawahamisha taratibu, wao na mayai yao, mpaka giza likaingia. Hetal akafanya kazi na tumbo tupu, akaanguka wodini.

"Sikulaumu kwa sisimizi," Hetal alisema sasa pale sokoni. "Hata mimi nisingewaua. Lakini hata simu hukunipigia, Pranay?"

"Niliona aibu. Ungenicheka."

"Ningekucheka, kisha ningenunua ndizi nikala mapema. Nilisimama pale nikidhani umegongwa na gari! Halafu unakuja na tabasamu, eti wote wamepona. Na mimi je? Mimi si kiumbe?"

Macho ya Pranay yalilowa. "Nisamehe, kipenzi. Tangu uondoke nafunga."

"Unafunga kwa toba, au kwa uvivu wa kupika?"

"Vyote viwili."

Hetal alicheka bila kutaka. Jua lilikuwa limeanza kuinamia mapaa ya maduka, lakini muda wa kupika na kula kabla halijazama ulikuwapo. Alikuwa amemkumbuka sana, na kujifanya hamkumbuki kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Nunua hizo bamia. Leo unapika wewe. Mimi nitalala mpaka uniite."

"Unarudi nyumbani?"

"Narudi. Ila siku nyingine ukiona sisimizi, nipigie kwanza."

Pranay akatoa simu, akabonyeza. Simu ya Hetal ikalia mkobani. Akaipokea huku akimtazama usoni.

"Haloo?"

"Haloo, mke wangu. Kuna mmoja hapa, juu ya bamia."

"Mhamishe upesi," alisema Hetal. "Nina njaa."