Msomaji wa Meza ya Dirishani

Jua lilikuwa likizama nilipobaki kutafuta kitabu cha kuacha juu ya meza ya dirishani. Ndiyo kazi ya mwisho ya siku kwa kila mkuu wa maktaba yetu: afumbe macho, apapase rafu, na kile mkono utakachoangukia akiache pale. Asubuhi kurasa zake hukutwa nyeupe, hazina hata herufi. Kwa malipo hayo, mchwa walilitafuna jengo la jirani hadi paa, wala hawakuzigusa rafu zetu.

"Bahati ichague, mwanangu," alininong'oneza mama mfagizi, akichukua mkoba wake. "Wewe usimchagulie huyo msomaji wa usiku."

"Na mkono ukiangukia diwani bora?"

"Alaa! Si ndiyo bahati hiyo? Haina macho."

Akaenda zake. Ilikuwa jioni yangu ya kwanza kushika ukuu. Nikafumba macho, nikapapasa... Mkono ukaangukia diwani kongwe ya mashairi, nakala pekee.

Nikairudisha. Mahali pake nikaweka kitabu chakavu cha namba za simu. Nani angekililia?

Nikazima taa.

Kukanuka karatasi mbichi. Kisha kiti kikakwaruza sakafu.

Mezani ameketi mtu, kanipa mgongo. Akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akafunua mwingine.

"Umenichagulia makapi," akanong'ona, bila hasira.

Nikarudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Basi leo nitajichagulia."

Kiti kikawa kitupu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo.

"Rafiki yako katoka sasa hivi. Ana adabu huyo! Kaketi na mama, kamshika kiganja, anakitazama tu... Kasema kesho atakuja kuendelea alipoishia."

Mama yangu alikuwa mzima, kitini pake. Alinitaja jina, akamtaja na mkwewe. Nikamwuliza jina la mama yake mzazi.

Akatabasamu. Akakitazama kiganja chake, kama anayelitafuta humo.

Tangu hapo nafumba macho kila jioni. Ile diwani nayo nilimwachia mezani, imekwisha kuwa nyeupe. Haikufaa kitu, aliyekianza kitabu hukimaliza. Maktaba inastawi, wasomaji wanapigania viti, nami nasifiwa. Silii. Moyo umeingia ganzi.

Jana nilimpelekea mama maji ya kunywa.

"Ahsante, kijana," alisema. "Kwenu wapi?"

"Hapa hapa, mama."

"Basi mama yako ana bahati."

Nikamfuta kidevu. Nikavuta kiti cha pembeni yake, nikae.

Kilikuwa na joto.