Ukungu Hauna Ladha

Kila asubuhi Mama Karanga alimimina karanga kwenye ungo, akakaa kizingitini penye mwanga, akaanza kuchambua. Mikono yake ilikwenda mbiombio hata wateja wakamtania kwamba ana macho kwenye vidole. Karanga nzima alizitia kwenye ndoo ya kuuza. Zilizovunjika alizisaga siagi, nayo ya kuuza. Zilizobaki, zenye mikunjo, weusi na vumbi la kijani, aliziita "za nyumbani".

Za nyumbani hazikuliwa ovyo. Alichota konzi, akatafuna punje moja. Ikiwa chungu, aliitema na kutupa konzi nzima. Kama si chungu, aliziosha zilizobaki, akazianika, akazikaanga sana na kuzisaga. Siagi hiyo ndiyo iliyolisha familia miaka yote ya ndoa yake. Mumewe, fundi mwashi, hakutoka kwenda kazini bila kuipaka kwenye mkate. Kutupa chakula kulimuuma Mama Karanga kuliko jino bovu.

Sasa mwashi haendi tena kazini. Yumo kitandani, tumbo limevimba, macho yamekuwa manjano. Hospitalini walisema ini limeharibika vibaya, wakampa dawa za kutuliza maumivu, wakamrudisha nyumbani. Mama Karanga alielewa maana yake. Machozi yalipomdondoka juu ya ungo, aliyafuta kwa kiwiko na kubana kwikwi, mgonjwa asisikie.

Alasiri moja binti yake mkubwa, anayesoma darasa la Kiingereza la jioni, alikaa kando ya kitanda akirudia somo. Baba yake alipenda kumsikiliza.

"Leo tuna neno choose," alisema binti. "Maana yake ni kuchagua. Pia kupendelea hiki kuliko kile. Na ukiamua jambo kwa hiari yako, hujasukumwa na mtu, hapo napo wanalitumia."

"Neno moja, kazi zote hizo?" baba aliuliza kwa sauti ya chini. "Maskini, kibarua mwenzangu."

Binti alicheka, kisha akaendelea. "Mwalimu anasema ni neno la kale mno. Mzizi wake ulikuwa na maana ya kuonja. Watu walitia kitu mdomoni, wakakipima kwa ulimi, kikiwafaa wakakichukua."

Mama Karanga aliinua kichwa pale kizingitini. Siku nyingi hakuwa ametabasamu.

"Kumbe Waingereza walinikuta mimi kazini!" alisema, akatupia punje kinywani. "Haina uchungu. Hizi za nyumbani."

Jirani yao muuguzi, ambaye mtaa mzima humwita Sista, alikuwa anaingia kumjulia hali mgonjwa. Alisimama juu ya ungo, akachukua karanga moja na kuipasua. Ndani ilikuwa na ukungu.

"Mama Karanga, tema hiyo. Hizi mnakula?"

"Si mpaka nionje, Sista. Nina ulimi mkali mimi."

"Ulimi hauwezi kazi hii. Ukungu huu unatoa sumu, na sumu yenyewe haina ladha wala harufu."

"Lakini naziosha. Nazikaanga hadi zinakaribia kuungua!"

"Maji hayaitoi. Moto wa jikoni hauimalizi. Mtu anakula kidogo leo, kidogo kesho, haumwi chochote. Miaka inapita, na ini ndilo linaloumia."

Mama Karanga alitema punje mkononi, akaikodolea macho.

"Basi nizipe kuku?"

"Kuku nao wana maini, dada. Zifukie."

Mama Karanga alimvuta Sista nje, hadi nyuma ya ukuta.

"Niambie ukweli. Ni mimi niliyemfanya mume wangu hivi? Miaka yote namchagulia mimi, kwa ulimi wangu huu."

Sista alimshika mabega. "Siwezi kusema ndiyo. Ini huharibiwa na mambo mengi, na karanga zako hakuna aliyezipima. Siwezi kusema hapana pia, maana sitaki kukudanganya. Ila hukuchagua kumdhuru. Huwezi kuchagua jambo usilolijua. Leo unajua, na watoto bado wanakula kwako."

Jioni ile ile mama na binti walichimba shimo, wakafukia za nyumbani zote. Tangu hapo Mama Karanga hununua karanga kavu tu. Huzianika tena juu ya turubai, si kwenye udongo, na magunia huyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu. Mbovu imekuwa adimu kwenye ungo wake. Ikionekana, haionjwi na mtu.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuzifukia alichota karanga kutoka ndoo ya kuuza, akazisaga, akampakia mumewe kipande kidogo cha mkate. Hamu ya kula ilikuwa imemwisha mwashi, lakini aliuma, akatafuna polepole. Kisha akauma tena.

"Mama watoto, umetia nini humu?"

"Sijatia kitu. Ni hizi ninazouza."

Mwashi alikigeuza kile kipande cha mkate.

"Kumbe wateja wanakula hivi," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mkewe. "Basi na watoto wale hivi."

Alifariki mwezi uliofuata. Nyumbani watoto wana afya, na kila asubuhi Mama Karanga huwapakia mkate siagi ya karanga za ndoo ya kuuza kabla hajamfungulia mteja mlango. Wakishakula, ndipo hukaa kizingitini, akalia kidogo, akaanza kuchambua.