Kaseti ya Mama Mkwe

Kilichoanza kwenda kombo nyumbani kwa Valeriani ni mchi. Mchi tu, wa kutwangia mpunga. Eufrasia, mkewe, alikuwa na mdundo wake, pu, pu, pu, na tangu aolewe alikuwa hajaubadilisha. Asubuhi ile ya mwaka tisini na sita, Valeriani yuko uani anaijaza upepo baiskeli, akasikia mchi unapiga mara tatu haraka haraka, unanyamaza, unapiga mara moja. Tatu, kimya, moja. Tatu, kimya, moja. Pampu ikamponyoka mkononi.

"Mama Careen, leo unatwanga au unacheza?" jirani yao Levina akauliza kutoka ng'ambo ya ua, anacheka.

Eufrasia akautazama mchi kama kitu alichookota njiani. "Hata sijui, dada. Mkono unakwenda wenyewe."

Valeriani akainama kuiokota pampu. Mdundo ule aliujua, na kwa Ifakara nzima aliujua peke yake.

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Valeriani alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, mwenyekiti wa jumuiya, anayesoma somo kanisani Jumapili kwa sauti nzito. Kazi yake ilikuwa kutunza nyumba moja kule Lumemo, ya mtaalamu wa mpunga aliyekwisha rudi kwao Ulaya. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na televisheni, na kompyuta ndogo iliyochomekwa kwenye televisheni, mashine ya zamani ambayo hata mwenyewe alikuwa akiitania kuwa ni bibi kizee. Gemu zake zilikuwa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za redio. Unaweka, unangoja, mashine inalia kama mbuzi anayekabwa, halafu kikatuni kinatokea kwenye kioo kinarukaruka, na muziki unaanza.

Muziki! Kikatuni hakikumhusu Valeriani, alikiacha kidumbukie shimoni kinavyotaka. Alichokitaka ni zile sauti nyembamba zinazofukuzana, moja inakimbia, nyingine inaifuata, ya tatu inapiga mdundo chini. Kila baada ya chakula cha mchana alijifungia humo, anachambua boksi la kaseti moja moja. Nyingine zilikuwa makelele matupu, nyingine milio ya bunduki basi. Lakini ile yenye picha ya pango na mto, wee! Hiyo alikaa chini sakafuni akalia machozi. Na wewe usimcheke, hujui chako kimewekwa wapi.

"Unafanya nini huko mchana kutwa?" Eufrasia alikuwa akimwuliza.

"Panya," alikuwa akijibu. "Panya wamezidi." Angesemaje? Mwenyekiti mzima, na kitu cha kuchezea watoto!

Ikaja habari kwamba vitu vyote vya nyumba ile vitachukuliwa kupelekwa Dar es Salaam, lori liko njiani. Valeriani akachanganyikiwa. Akabeba redio kaseti ya nyumbani ili aunase ule muziki, akazunguka madukani kutafuta kaseti tupu, akaambiwa zimekwisha. Ndipo akafungua kabati, akatoa kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa cha maua.

Alijua ni kaseti gani. Ilikuwa na sauti ya marehemu mama mkwe wake, Bibiana, akiimba huku anapepeta mchele. Careen, binti yao, alimrekodi bibi yake kabla hajafa, na sauti nyingine ya mama yule haikuwako popote duniani. Kila mwaka siku ya kumkumbuka, Eufrasia aliiweka, akalia, akafurahi. Mwishoni bibi alisikika akikohoa na kumwambia Eufrasia, "Mwambie mwenzio apunguze hiyo sauti." Mwenzio, yaani Valeriani, aliyekuwa chumbani anasikiliza mpira. Mama yule alikuwa na heshima za kwao Mahenge, za kweli kweli. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kulitamka jina la mkwewe wala kumtazama usoni. Neno lake lote kwake lilipita kwa Eufrasia.

Valeriani alijiambia atatumia upande wa pili, ambao hauna kitu. Lakini kwa pupa na hamu, akageuza kaseti, akageuza tena, akabonyeza kitufe chekundu. Aliporudi nyumbani akasikiliza kwa siri, ameibana redio sikioni. Upande wa pili ulikuwa bado mtupu. Upande wa mama ulikuwa umejaa pango na mto, mwanzo hadi mwisho. Akaifunga kaseti kwenye kitambaa chake, akairudisha kabatini. Kesho yake ndiyo ukaja ule mchi.

Baada ya mchi ikaja harufu, ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni iliyowashwa muda mrefu, na nyumba yao haikuwa na televisheni. Ilitoka jikoni, ikahamia kitandani, ikakaa kwenye nywele za Eufrasia. Eufrasia akaacha kula. Jioni moja alimshika mumewe mkono, akanong'ona.

"Baba Careen, kuna mtu amekaa hapa." Akajigusa kifua.

"Mtu gani?"

"Simjui. Ananiuliza mama alikuwa akikaa upande gani."

Valeriani alitamani ardhi ipasuke. Ulimi ulikuwa mdomoni na maneno yalikuwa tayari, lakini akakumbuka kitambaa cha maua, akakumbuka panya aliowasingizia, akaona watu wa jumuiya wakimwangalia Jumapili anaposoma somo, akaona Levina akicheka nyuma ya ua, akaona macho ya mkewe yakijifunza kwamba mama yake amefutwa kwa ajili ya gemu, akameza maneno yote, akasema, "Ni homa hiyo. Lala."

Hospitali wakamtoboa kidole, malaria hakuna. Siku zikaenda, sasa hata maji hayapiti kooni. Mwenyekiti wa jumuiya akapanda baiskeli, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, akaenda Mofu kumleta mganga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe mtu wa kanisa umenikumbuka leo," Mama Klementina alisema. Hakuwa na maneno mengi ya kubembeleza mtu.

Uganga wake uko hivi: kila jini lina ngoma yake. Ukiipiga ngoma ya jini, jini linainuka, linacheza, linasema limefuata nini, linaondoka. Usipoipata, linakaa mpaka mwenye mwili aishe. Jua bado liko juu, uani kumejaa majirani, wapiga ngoma wa mganga, Donati na wenzake, wakapiga ngoma ya mtoni, ya mlimani, ya majini ya pwani. Eufrasia amekaa mkekani, macho yametulia, na kidole gumba cha mguu kinapiga mchanga. Tatu, kimya, moja.

Mama Klementina akakitazama kidole kile. "Hili halijatoka kwetu. Nani anaijua ngoma yake?"

Valeriani anatazama viatu vyake.

"Nasema hivi, huyu mama jua likizama naye amekwenda. Nani anaijua?"

Jua lilikuwa limeshagusa migomba. Mdomo wa Eufrasia ulikuwa mweupe. Valeriani akasogea katikati ya watu, akafumba macho, akafungua ule mdomo wake wa somo la Jumapili.

"Ti-ti-ti... ti," akaimba. "Ti-ti-ti... ti."

Mtu akacheka. Donati aliuma midomo, mabega yanamtikisika. Valeriani aliendelea, jasho na machozi pamoja, anaikimbiza sauti ya kwanza, anairukia ya pili, anapiga mdundo kwa mguu, mzee mzima analia kama mashine, na vicheko vikakatika ghafla, kwa kuwa Eufrasia alikuwa amesimama. Aliruka, akaganda hewani kitambo ambacho mtu hawezi kuganda, akatua, akageuka pembe kali, akaruka tena, kama kile kikatuni.

"Umefuata nini?" Mama Klementina akapaza sauti.

Sauti tatu nyembamba zikatoka kwenye koo moja. "Niliachiwa nafasi."

Eufrasia akaanguka. Akaomba maji, akanywa, watu wakapiga vigelegele. Mganga alimvuta Valeriani pembeni, akashusha sauti.

"Nafasi gani hiyo? Mlimwondoa nani?"

Ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kusema ukweli, naye alijua hivyo. "Sijui, mama," akasema.

Mama Klementina akaanza kukusanya vitu vyake. "Haya. Limetoka kwenye mwili wake. Humu nyumbani mwenu halijatoka, lina pake pa kukaa."

Mchi ukarudi, pu, pu, pu. Watoto wa mtaani walimwimbia Valeriani ti-ti-ti akipita, naye akavumilia, akaona hiyo ni adhabu ya kutosha. Ikafika siku ya kumkumbuka mama.

"Betri zimekufa," Valeriani aliwahi kusema.

"Nimenunua mpya," Eufrasia akajibu. Akafungua kitambaa cha maua, akaweka kaseti, akabonyeza.

Ikavuma. Halafu ungo ukasikika ukipepeta, shaa, shaa, na mama mzee akaanza kuimba, polepole, kwa sauti ya kukwaruza kidogo. Tatu, kimya, moja.

"Mama!" Eufrasia machozi yanamtiririka, anatabasamu. "Sauti yake ile ile! Kumbe huu wimbo ulikuwa mzuri hivi, nilikuwa nimeusahau."

Valeriani alifungua mdomo. Kumwambia huyu si mama yako, sharti kwanza amwambie mama yako yuko wapi. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumba. Wimbo ukakatika, mama mzee akakohoa.

"Valeriani," redio ikasema. "Ongeza sauti."

Eufrasia akacheka kwa furaha, akampiga mumewe begani. "Umesikia? Mpaka jina anakutaja! Kumbe alikupenda. Mwongezee basi."

Valeriani akanyoosha mkono, akaongeza.