Mirunda ya Crisóforo

Mrunda wa kwanza ulitokea mchana, wakati wa kula. Injinia Evodio Zamarripa alikuwa amefumba macho akibariki bata mzinga na mchuzi wake wa mole, na yeye hufumba kwa muda mrefu, ili Mungu aone na wageni pia waone. Alipofumbua, mti wa waashi wa kuegemezea zege ulikuwa umesimama kando ya picha ya Bikira, umekazwa kutoka sakafuni hadi kwenye dari, unanuka zege bichi.

Aliuliza nani kauleta. Mkewe, Remedios, akasema hakuna aliyeingia. Injinia akaung'oa, akafanya ishara ya msalaba, akarudi mezani. Imani ya mtu huyu haikuwahi kumharibia hamu ya chakula.

Remedios hakula. Mrunda ule aliujua. Kila tarehe tatu ya Mei waashi hupandisha msalaba wa maua juu ya jengo wanalojenga, padri akabariki, na mwenye kazi akawalisha. Mwaka huu injinia alikuwa ametaka meza zipangwe chini ya dari mpya ya shule aliyokuwa akiijenga, padri aistaajabie, lakini mirunda iliyoishikilia ilimzibia nafasi. Fundi Crisóforo alimwambia kwa adabu, kofia mkononi, kwamba zege halijakomaa. Injinia akamcheka mbele ya wenzake.

"Huna imani, Crisóforo?"

Mirunda ikatolewa. Crisóforo alikuwa akitandika vitambaa vya meza dari iliposhuka.

Mazishini injinia alilia kuliko mjane. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Kwa wakaguzi, tena kwa sauti ya chini, akasema marehemu alikuwa mlevi na aliitoa mirunda kwa kichwa chake mwenyewe. Kumbe mapenzi ya Mungu nayo huhitaji shahidi wa uongo! Tangu hapo mjane akipita sokoni, watu humpa kisogo.

Nyumbani kwa injinia mirunda ikaongezeka. Akiung'oa mmoja, husimama miwili, na kila alipotamka mapenzi ya Mungu, mwiko ulisikika ukikwangua juu ya dari, taratibu, kama mtu anayesawazisha zege kwa kazi anayoipenda, hadi harufu ya saruji mbichi ikaingia kwenye mkate, kwenye mashuka, kwenye mate yake mwenyewe, naye injinia, aliyezoea kuwahubiria wafanyakazi kila Jumatatu, akawa anakula chini ya meza.

Remedios akamleta Bi Tiburcia, mganga, na yai lake na majani machungu. Mama yule hakuyagusa. Aliweka kiganja kwenye mrunda, akautazama ufa mrefu darini juu yake.

"Nyumba hii uliijenga wewe?"

"Kwa baraka za Mungu."

"Naona. Basi huyu hakuja kukudhuru. Anakushikilia dari. Fundi ni fundi hata akifa. Ila anachoka, baba. Anangoja useme kanisani kwamba uliamuru wewe, mkewe akiwa anasikia."

"Sema, Evodio," Remedios alinong'ona. "Mimi nilikuwepo."

Injinia aliikazia macho picha ya Bikira.

"Mimi ni chombo tu. Yote hupangwa na Mungu."

Bi Tiburcia akalifunga yai lake kwenye leso.

"Usimsingizie Mungu. Mirunda ile hakuigusa yeye."

Akatoka. Remedios akachukua mtandio wake tu, akamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, kusema alichokiona.

Injinia akapiga magoti, akaomba kwa sauti kubwa, safari hii bila hadhira. Nyuma yake mrunda mmoja ukalegezwa, ukalazwa sakafuni polepole, kama afanyavyo fundi anayeheshimu vifaa. Kisha wa pili. Vumbi likamdondokea shingoni. Alipogeuka akimbie, mlangoni alisimama mtu, nyusi nyeupe kwa saruji, mrunda wa mwisho kwapani, kofia mkononi.

"Huna imani, injinia?" akauliza, kwa adabu.