Mbeleko Iliyopitishwa na Mtu Mmoja

Mtoto wa Chiriku alikuwa na uzito wa kilo kumi, hakulia, hakunyonya, na kila mtu katika karakana ile alimpenda. Jina lake Kibonge. Msihangaike, ndugu zangu: Kibonge alikuwa mfuko wa unga.

Karakana yenyewe ilishona mbeleko za kubebea watoto mgongoni. Wanawake watano, cherehani tano, meza moja ndefu ya kukatia kitambaa. Mwenye karakana, mama mmoja wa sauti ya kukwaruza na moyo laini, alikuwa na sheria moja: mbeleko ya aina mpya haiendi dukani mpaka mmoja wao ashinde nayo siku nzima, Kibonge akiwa mgongoni. Ainame, achote maji, afagie, apande ngazi. Jioni wanakaa mezani, kila mtu anasema lake. Hata mmoja akisema "bado", inafumuliwa. Na walivyotaniana humo! "Kibonge leo kalala?" "Wapi, kashinda akinipiga mateke." Mngewasikia mngedhani pana kichanga kweli.

Basi macho ya yule mama yakaanza kufifia, akawa hawezi hata kutia uzi sindanoni. Akamkabidhi mwanawe karakana. Huyo ndiye Meneja wetu, na ndiye mwenye hadithi.

Hakuwa mtu mbaya, hilo lishikeni. Alikuwa ametoka kusimamia zamu katika kiwanda kikubwa, na huko aliambiwa kwamba msimamizi anayeulizauliza hudharauliwa. Hofu hiyo aliibeba tumboni. Wengi wa wanawake wale walimjua tangu akivaa kaptula iliyochanika makalioni, na mkubwa wao, mshonaji mkuu, alikuwa shangazi yake wa damu. Sasa mtu aliyekufuta kamasi utamwamuru vipi?

Alianza vizuri. Akaweka taa za kutosha, akabadilisha viti vilivyowaumiza migongo, wakamshukuru kwa dhati. Halafu siku moja akaingia, akamkuta Chiriku anacheza katikati ya karakana, unga mgongoni, wenzake wakimpigia makofi. Chiriku ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na jina hilo alipewa kwa kuongea bila kituo.

"Hii ndiyo kazi?" Meneja akauliza.

"Tunapima, Meneja," Chiriku akajibu huku akihema. "Si watoto wenyewe wanarushwarushwa?"

"Kuanzia leo hakuna kupima. Nyinyi kazi yenu ni mikono. Kufikiri niachieni mimi."

Kibonge akapelekwa kwa Shangazi, akapikwa, akaliwa. Walisema unga ulikuwa mzuri, ila hakuna aliyecheka.

Meneja naye hakuwa mvivu. Wiki nzima alikaa akichora mbeleko mpya, isiyofungwa kwa fundo. Hii ilifungwa kwa klipu moja ya plastiki, ile inayolia ta! kama ya begi la shule. Klipu yenyewe aliiweka nyuma, chini ya makalio ya mtoto, ili mbele nguo ya mama isiharibiwe na kitu. Nyepesi, nadhifu, ya kisasa. Wazo la klipu lilikuwa zuri, nasema bila kejeli. Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe karakana aliona ana kitu chake mwenyewe, si cha mama yake.

Walipoanza kuishona, Chiriku akainua kichwa. "Samahani, Meneja. Klipu ikikaa huko nyuma, mama atajuaje kama inalegea? Na huu ukanda unateleza, hebu ubonyeze hapa uone..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, ila..."

"Nenda kakae nyumbani wiki moja, ujifunze kujibu unapoulizwa."

Shangazi akamfuata kwenye kijichumba chake cha mbao. "Mwanangu, msikilize yule binti. Ana lake la maana."

"Shangazi, hapa kazini mimi si mwanao."

Mama wa watu akageuka, akatoka. Neno lile lilimchoma Meneja mwenyewe, kweli kabisa, akatamani kumwita arudi. Hakumwita. Aliona akirudi nyuma siku ile, hataheshimiwa tena maisha.

Wiki ikaisha, Chiriku akarudi, akakaa kwenye cherehani yake, akashona. Hakuongea. Na wengine wote hawakuongea. Ikawa "ndiyo, Meneja", "sawa, Meneja", basi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye alikisikia kimya kile akakiita nidhamu.

Mbeleko ya kwanza kabisa, ya rangi ya zambarau, alimpelekea mkewe. Walikuwa na binti wa miezi mitano, mnene, mcheshi, mwenye vishimo mashavuni, na Meneja alimpenda hadi akawa anatoka kazini anakimbia.

"Nzuri jamani!" mkewe akasema, akiigeuzageuza. "Akina Shangazi wamesemaje?"

"Hawakusema neno."

"Hawakusema neno? Hata Chiriku?"

"Wamekuwa na adabu siku hizi."

Mkewe akamtazama kama anayetaka kuongeza kitu. Lakini mumewe alikuwa na furaha mno, naye alimpenda, akanyamaza. Mnaona, enyi wasikilizaji? Ugonjwa ule ulikuwa umeshavuka kizingiti cha nyumba.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, simu ikaita kazini. Jirani. "Njoo hospitali. Usiulize, njoo tu."

Alimkuta mkewe kwenye benchi la ukumbini, mtoto kifuani amechoka kulia. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji ngumu nyeupe, mkono wenyewe ule mdogo ambao juzi tu ulikuwa ukimvuta sikio.

"Niliinama kuokota kijiko," mkewe akasema. "Kijiko tu, mume wangu. Ukanda ukateleza, sikusikia kitu, nikasikia amedondoka."

Daktari alisema ni mfupa tu, utaunga, kichwa kiko salama, washukuru. Meneja akataka kumchukua mtoto. Mkewe hakumpa. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Kabla hujamshika, niambie kitu kimoja. Nani kazini alijua ina kasoro?"

"Hakuna aliyejua."

"Kawaulize."

Akarudi karakana. Akaiweka ile mbeleko ya zambarau juu ya meza ndefu. "Nani alijua ukanda huu unateleza?"

Cherehani zilisimama, macho yote yakashuka. Ndipo alipoelewa: wanamwogopa. Watu hawa waliompa uji akiwa mdogo, waliompigia vigelegele akioa, wanamwogopa yeye! Akavuta kigoda cha kupigia pasi, akakaa, akawa chini kuliko wote.

"Binti yangu amevunjika mkono," akasema.

Chiriku ndiye aliyepiga ukelele. Akaangua kilio, amejifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona. "Nilijua! Nilijua, nikanyamaza. Nilishona klipu ile nikisema moyoni, shauri yake, si kasema anafikiri yeye? Nisamehe, kaka. Sikufikiria mtoto. Wallahi sikufikiria mtoto."

"Tulijua sote," Shangazi akasema. Naye machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini hakuinamisha kichwa. "Na kosa letu tunalo. Ila wewe, mwanangu, ulituziba midomo kwa mikono miwili. Mkono mmoja haulei mwana, wewe ulitaka ulee wa watu wote peke yako!"

Meneja akaenda akapiga magoti mbele ya Chiriku. "Wewe uliniambia mapema, na nikakufukuza. Anayeombwa msamaha hapa ni wewe." Kisha akamgeukia Shangazi, akashika mkono wake. Shangazi akamvuta akamkumbatia, na huyo Meneja mzima, mwenye kalamu mbili mfukoni, akalia begani kwake.

Mbeleko arobaini zilikuwa zimeshakwenda maduka mawili. Siku ile ile wakagawana njia, wote sita, duka kwa duka, mlango kwa mlango, wakiulizia nani kanunua. Siku tisa ziliwachukua. Thelathini na tisa walizipata, na ya arobaini mwenyewe aliirudisha akilalamika kwamba inamfinya. Hakuna mtoto mwingine aliyeumia. Hiyo, ndugu zangu, ni rehema tu, msije mkaitegemea.

Halafu wakaanza upya. Meneja alinunua unga yeye mwenyewe, na siku ya kwanza akaubeba yeye, akafagia nao uwanja mzima, kiuno kikamlegea, wakamcheka mpaka mmoja akamwaga chai. Chiriku akachora mbeleko nyingine: klipu mbili, zimekaa mbele, mama anaziona na kuzishika, na ukanda umekunjwa ukashonwa mara tatu, hauwezi kuteleza. Wakakubaliana pia kwamba neno la mwisho halitakuwa la Meneja wala la Shangazi. Watainua mikono, na mkono wa kila mtu ni mkono mmoja.

Siku ya kuamua ikafika. Mwenye duka kubwa alikuwa amepiga simu mara tatu, anazitaka kesho. Meneja alizitaka zitoke. Aliitazama kazi ile akaona haina kasoro.

"Wanaosema iende?" Shangazi akauliza.

Mkono wa Meneja ukapanda. Ukakaa juu peke yake.

"Chiriku!" akashangaa. "Hii si yako mwenyewe?"

"Ni yangu," Chiriku akasema. "Lakini klipu ya kushoto inabana kidole ukiifunga haraka. Bado, Meneja."

Wanawake watano wakamtazama uso. Kila mmoja alikuwa akisubiri jambo moja tu, kwamba sasa itakuwaje. Maana kuinua mikono ni rahisi kama bosi anashinda.

Ile hofu ya zamani ikampanda, ikamwambia: ukikubali leo, kwisha habari yako. Akaushusha mkono polepole, akachukua simu.

"Mzee, samahani," akamwambia mwenye duka. "Kesho hapana. Wenye kazi wamesema bado." Akasikiliza kidogo. "Mimi? Mimi nilisema iende. Nimeshindwa."

Chiriku alianza kuongea hapo, na hawakumnyamazisha mpaka saa ya kufunga.

Nyumbani mkewe alikuwa mlangoni na mtoto. "Mmeamuaje?"

"Watano kwa mmoja. Wamenishinda."

Mkewe akamnyooshea binti yao. "Mshike," akasema. "Taratibu, mkono wa kushoto bado unauma."

FUNZO

Ndugu wasikilizaji, mwenye mamlaka asijisifu kwamba watu wake hawabishi. Aulize kwanza walianza lini kunyamaza, na nani aliwanyamazisha. Kitu kipya ni chema, lakini hakipimwi na macho ya aliyekibuni peke yake. Nawe unayejua kasoro ukanyamaza kwa hasira, jua kwamba bosi humkomoi. Anayeanguka ni mtoto. Uongozi wa kweli huonekana siku ile mkubwa anaposhindwa kwa haki, akaushusha mkono wake.