Dirisha Jekundu Sebuleni

Kompyuta ya fundi cherehani ilikaa sebuleni, karibu na cherehani yake. Ikizimwa tu, mkewe aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Ndiyo maana nyumbani waliiita Bibi Harusi.

Asubuhi fundi alitafuta mitindo ya nguo humo. Jioni binti yake aliitumia kuwafundisha hesabu watoto wa majirani. Binti huyo alikuwa anasubiri kuingia chuo cha ualimu, na watoto walimpenda. Fundi alijivunia sana, ingawa hakuwahi kumwambia. Wanaume wengine ni wazito wa maneno mazuri na wepesi wa maneno makali.

Jumamosi moja alikuja mteja kupimwa koti. Mtaani aliitwa Redio, kwa sababu ukimwambia jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo.

"Nataka kola ya kisasa," Redio alisema.

"Ngoja nikuonyeshe," fundi alijibu, akafungua ukurasa wa mitindo asioujua.

Ghafla king'ora kililia. Dirisha jekundu likajaa kwenye kioo: HATARI! KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI THELATHINI NA SABA. VIMETOKA KWENYE PICHA CHAFU ULIZOTAZAMA. USIZIME. BONYEZA HAPA UPATE KINGA.

Redio alisoma kwa sauti, neno kwa neno. Fundi alihisi masikio yanawaka. Alikamata kitambaa cheupe akaifunika kompyuta, lakini king'ora kikaendelea kulia chini ya kitambaa. Akakifunua tena, akabonyeza palipoandikwa HAPA. Kelele zikanyamaza.

"Picha chafu?" Redio aliuliza. "Kwani nani mwingine anaitumia?"

Fundi hakufikiri. Alimwita binti yake. Binti akatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Umeniaibisha mbele ya watu! Kuanzia leo usiiguse kompyuta hii."

"Baba, nimefanya nini?"

"Unazijua picha ulizotazama!"

"Sijatazama picha yoyote, Baba."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo inasema uongo?"

Binti alirudi jikoni.

Redio naye akatangaza. Jumatatu jioni hakuna mtoto aliyekuja kusoma. Binti alimpakulia baba yake chakula bila kumtazama usoni. Kompyuta nayo ikawa nzito. Kila ilipowashwa, ile kinga ilidai namba ya kadi ya benki.

"Tumwite Mama Pacha," mkewe alisema. Mama Pacha alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta.

"Aje aone uchafu wa nyumba yangu? Sitaki!"

"Mume wangu, mficha uchi hazai."

Mama Pacha alikuja. Fundi alianza kueleza huku akiangalia sakafu. "Kuna dirisha lilitokea. Lilisema maneno... maneno ya aibu."

"Usiyaseme, nitayasema mimi," Mama Pacha alimkatiza. Kompyuta ilikuwa bado haijawashwa. "Lilikuwa jekundu. Likapiga king'ora. Virusi thelathini na saba. Picha chafu."

Fundi aliduwaa. "Umejuaje? Redio amefika kwako?"

Mama Pacha alicheka. "Nimelikuta kwa mama mkwe wangu. Yeye kompyuta anachezea karata tu! Maskini, alilia mchana kutwa, hajui ataniambia nini."

"Na virusi vyenyewe?"

"Havikuwepo. Shemeji, ukurasa wa mtandaoni hauwezi kuchungulia kompyuta yako ukahesabu virusi. Hilo ni tangazo la matapeli. Kila mtu linamwambia maneno yaleyale. Wanajua mwenye aibu hamuulizi mtu. Anabonyeza haraka ili kelele zinyamaze."

"Nami nikabonyeza."

"Hapo ndipo ulipoingiza programu yao. Mwizi amesimama nje akipiga kelele za mwizi, wewe ukamfungulia mlango. Namba ya kadi umewapa?"

"Hapana."

"Afadhali. Ungewapa, ingebidi upige simu benki mara moja."

Mama Pacha alikata mtandao kwanza. Akaifuta ile programu. Kisha akaikagua kompyuta kwa kinga ya kweli, iliyokuja na kompyuta yenyewe.

"Hii ilikuwepo siku zote," alisema. "Haipigi king'ora, haikuharakishi, haikutukani. Sasa badilisha neno la siri la barua pepe yako."

"Na dirisha likirudi?"

"Linaweza kurudi, maana liko huko mtandaoni. Usibonyeze kitu ndani yake, hata alama ya kufunga. Usipige simu wanayokupa. Funga programu nzima unayotumia kuingia mtandaoni. Ikikataa, zima kompyuta kwa kitufe chake."

Alipoondoka, fundi alikwenda jikoni.

"Mwanangu, nimekosa. Nimemwamini mtu nisiyemjua, nikakukana wewe niliyekulea. Nisamehe."

Binti aliweka sahani chini. "Nimekusamehe, Baba. Lakini Redio je? Jina langu ameshaondoka nalo."

 Fundi aliona aibu kubwa kuliko ile ya Jumamosi, kwa sababu hii ilikuwa yake mwenyewe.

Redio alipofuata koti lake, fundi alimkalisha sebuleni, akamwita binti asimame karibu yake.

"Redio, mbele yako nilimtukana mwanangu. Mbele yako namwomba radhi. Hakufanya kosa lolote. Mama Pacha, fundi wa kompyuta, ametueleza kuwa lile dirisha ni la matapeli, linawaambia watu wote hivyohivyo. Ulitangaza ile habari, tangaza na hii."

Redio alinyamaza. Haikuwahi kutokea. Alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

"Hata kwangu lilitokea," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla ya lako. Nilibonyeza, nikamficha mke wangu jambo hilo. Siku ile hapa nilijua kabisa linaandika nini, nikanyamaza." Akainama. "Binti, nisamehe. Huyo Mama Pacha anapatikana saa ngapi?"

"Twende, nitakupeleka," binti alijibu. "Ila njiani tupitie kwa wazazi wa wanafunzi wangu. Ukaseme mwenyewe."

Jioni iliyofuata, watoto walikuwa mlangoni kabla binti hajamfunua Bibi Harusi.